Talaka ya Mwamvua na Kifo cha Jaji

Watu wa Nguvumali wanaomfahamu Mwamvua binti Suleimani wanamfahamu kwa sufuria zake. Ikitajwa harusi, iwe ya wenye uwezo au ya wanaojitia uwezo, swali la kwanza huwa kama mahari imekwisha pokelewa, na la pili huwa kama Mwamvua amekwisha ambiwa. Akiwa hajaambiwa, wako watu wenye heshima zao ambao siku hiyo hupata udhuru.

Alizaliwa Mwera, akafunzwa jiko na shangazi yake, akaolewa Tanga mjini na Uweso, karani wa bandarini. Watoto wawili, nyumba ya bati, mafiga makubwa uani, mwiko wenye kimo cha mtoto wa chekechea. Hayo ndiyo maisha yake, na lau si kifo cha jaji mmoja wa Kizungu ambaye hakuwahi kuzaliwa, yasingekuwa na la kusimuliwa.

Jambo moja tu lilikuwa limemkaa rohoni kama mwiba wa samaki. Zamani kidogo alipikia harusi Pangani, ng'ambo ya mto. Wageni walikula, wakasifu, kisha wakaanza kuendesha matumbo. Kabla bibi harusi hajatolewa nje kauli ilikuwa moja: mpishi. Baadaye ilijulikana kwamba ni sharubati ya ukwaju, iliyokorogwa na mashangazi wa bwana harusi kwa maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko. Lakini lawama ilikuwa imekwisha vuka kivuko na kufika Tanga kwa miguu yake, na ukweli haukupata nauli. Wale mashangazi walimpungia mkono sokoni kama watu waliosameheana. Hakuna aliyemtaka radhi.

Uweso naye alikuwa amestaafu. Ni mtu mwema, kwa maana ile ambayo watu hutumia wanapotaka kusema kwamba mtu hapigi wala hanywi. Mkewe akienda kupika mbali humbebea sufuria mpaka stendi, na akirudi humkuta amesimama palepale, utadhani hakuondoka. Lakini alikuwa na magonjwa mawili: presha, ambayo daktari alimkataza chumvi kwa ajili yake, na kujua Kiingereza, ambacho hakuna daktari aliyekigusa. Kiingereza chake kilikuwa cha makasha. Alijua kimevunjika, kimepungua, na hakikufika. Kwa maneno hayo matatu alitafsiri filamu, hotuba na maelezo ya dawa.

Basi mtoto wao Yasini, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuja Idi na mashine ya gemu, akaisahau au akajifanya ameisahau. Dada yake Sabra, mwalimu wa shule ya msingi, akaiweka sebuleni na kutafuta gemu ya kumpumzisha na kelele za watoto wa watu. Akapata ya mauaji.

Ilikuwa hivi. Jaji mstaafu, tajiri, mguu wake una jongo, anaishi katika jumba kubwa kwenye nchi ya theluji. Usiku analetewa supu chumbani. Asubuhi anakutwa amekufa kitini, bakuli limebaki nusu, na ndani ya bakuli mna sumu ya panya. Nyumbani wamo watu watano: mke wake, mpwa wake, wakili, nesi na mpishi. Mchezaji ndiye mpelelezi. Anatembea vyumbani, anafungua makabati, anauliza watu maswali, na mwisho anamshtaki mmoja. Mara moja tu. Gemu yenyewe ilionya mwanzoni: ukimpata muuaji atakiri kwa kinywa chake, ukimshtaki asiye, polisi watamchukua vivyo hivyo, muziki utapigwa, na hutaambiwa umekosea. Sabra alisema hapo ndipo gemu ilipofanana na dunia.

Jumapili ile mvua ilikuwa imelowesha baraza, kwa hiyo baraza ikahamia ndani. Alikuwapo Mselem, jirani, fundi saa ambaye watu hawamletei saa tena. Alikuwapo Timotheo, Mluteri, aliyezaliwa kambi ya mkonge na kukulia humohumo, rafiki wa Uweso tangu bandarini. Sabra alishika kidude cha kubonyezea, na Uweso alishika neno.

"Mpishi," alisema, kahawa haijapoa. "Kesi imekwisha. Bonyeza."

"Baba, hata vyumba hatujamaliza."

"Supu kapika nani? Sumu ya panya imo kabati la nani? Hii kesi ya darasa la tatu."

Mwamvua alikuwa mlangoni, anachambua mchele kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Kwa nini mpishi?" aliuliza.

"Kwa sababu marehemu hakufa kwa kuangukiwa na nazi, mama Yasini. Kafa kwa chakula."

"Kule kambini kwetu," Timotheo alidakia, "kulikuwa na meneja, kila chakula anamwonjesha mpishi kwanza, aone kama atakufa."

"Alikufa?" Mselem aliuliza.

"Wapi. Alinenepa."

Wakacheka. Mwamvua hakucheka. "Baba Yasini, umekula mkono wangu miaka yote hii. Umewahi kuumwa na tumbo?"

"Jamani, sikusemi wewe. Namsema mpishi wa gemu."

"Mpishi ni mpishi. Ndivyo walivyosema na Pangani. Hakuna aliyetazama maji, hakuna aliyetazama sharubati. Watu wazima, wana akili zao, na wote kidole ni kimoja!"

Hapo mtu mwenye busara angeomba kahawa nyingine. Uweso alisema, "Na mpaka leo, kwa kweli, kilichotokea Pangani hakuna ajuaye."

Mvua ilisikika juu ya bati. Mwamvua aliweka ungo chini polepole, kama mtu anayeweka kitu ambacho angependa kukirusha.

"Ati nini?" alisema. "Wewe? Wewe uliyenipokea stendi nalia, leo ndiyo unasema hakuna ajuaye? Mtu hawezi kuona miwani yake aliyoivaa usoni, ndiye atakayemwona muuaji Ulaya!"

Mselem alicheka. Lau angekohoa tu mambo yangepita, lakini alicheka mpaka akajishika ubavu. Uweso akasimama, miwani usoni.

"Wallahi," alisema, "kama si huyu mpishi aliyemuua jaji, basi Mwamvua umeachika. Talaka moja."

Karani hata akighadhibika hujaza idadi.

Sabra, ambaye baba yake alikuwa bado anamwambia abonyeze, aliruka na kuchomoa waya ukutani, na jumba lote la theluji likazimika na watu wake.

*

Maalim Mwinyijuma amesikiliza mengi. Amesikiliza talaka zilizotolewa kwa ajili ya mpira, kwa ajili ya pweza, na moja kwa ajili ya wimbo wa taarabu. Alimsikiliza Uweso mpaka mwisho, akafumba macho.

"Marehemu ni nani?"

"Jaji, maalim."

"Amezikwa wapi?"

"Hajazikwa. Ni wa gemu."

"Maalim, shikamoo tena," alisema Mwamvua kutoka upande wa pili wa pazia, "muulize kama mimi nami ni wa gemu."

"Marahaba, mwanangu. Subiri."

Uweso alisogea mbele. Usiku kucha alikuwa ametunga hoja, na sasa aliitoa kama mtu anayetoa ufunguo. "Maalim, mimi naona hapa hapana kitu. Ile ni picha tu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeua."

"Hakuna aliyeua," maalim alikariri.

"Hakuna kabisa."

"Basi na mpishi hakuua."

Uweso alirudi nyuma kidogo.

"Wewe ulisema kama mpishi si muuaji, mkeo ameachika," maalim aliendelea kwa upole. "Sasa waniambia hakuna muuaji. Wataka tuifuate njia hiyo? Ni fupi."

Uweso alisema hapana, hakuitaka njia hiyo.

Maalim akaeleza kwamba wako wanazuoni wanaolichukua neno kama lile kuwa ni kiapo tu, mtu akatoa kafara yake yakaisha. Lakini yeye hakusomeshwa hivyo, na uzeeni hakutaka kubadilisha walimu. Kwake yeye hutazamwa alichokikusudia msemaji. Uweso alikusudia muuaji kama walivyomuweka waliotunga gemu. Basi ajulikane huyo. Akiwa mpishi, ndoa imesimama. Akiwa mwingine, talaka imepita, moja, na mume ana haki ya kumrejea mkewe ndani ya eda, "na ukimrejea, weka mashahidi, maana kinywa chako nakiona." Mpaka hapo, kila mtu na chumba chake.

Njiani kurudi Mwamvua alitembea mbele. Miaka yote ile, alikuwa anawaza, nimefua, nimezaa, nimezika wazazi wake wawili, nimempikia bila chumvi mpaka ulimi wangu umesahau. Na leo kujua kama nina mume hatuulizi lolote katika hayo, tunauliza Mzungu gani kamtilia mwenziwe sumu ya panya. Na jambo lenyewe halikuwa la mume peke yake. Tanga wako wengi wasiotaka mwanamke aliyeachika atie mkono katika chungu cha harusi; wanasema ni nuksi kwa maharusi. Hawaandiki mahali popote, hawakwambii, hawakuiti tu. Kwa neno moja Uweso angekuwa amemtoa chumbani na jikoni pia.

"Jibu liko mtandaoni, mama," Sabra alimwambia chumbani. "Watu wameshaimaliza hii gemu. Dakika moja tu."

"Yaani watu wa mtandaoni wajue kama nimeachika, kisha ndio waniambie?" alisema Mwamvua. "Washa. Nataka nione mwenyewe."

Kwa hiyo kila alasiri Sabra akitoka shule, mama na binti walikaa kitandani mbele ya televisheni, waliyoihamishia huko, wakaingia jumba la theluji. Sabra alitembeza na kutafsiri, Mwamvua alilaani.

Kwanza, maiti haijazikwa. Siku ya pili, marehemu bado yuko kitini na watu wanapita wanakunywa chai! Hakuna aliyemfunika hata shuka. Pili, wakili alikuwa amekwisha soma wasia. Mwenyewe hajakauka, wanagawana. Tatu, mpwa wake alikuwa anakula biskuti akiwa ameegemea mlango wa chumba cha maiti. Nesi alijibu maswali huku anapaka rangi kucha. Kwa kipimo cha Tanga, nyumba nzima ilistahili kitanzi, na Mwamvua alikuwa tayari kuwashtaki wote kwa mkupuo.

"Mmoja tu, mama."

"Basi mpwa. Tazama anavyotafuna. Mjomba wake yumo mle ndani!"

"Kwao si kosa."

"Kwao kipi basi ndiyo kosa?"

Mtu mmoja tu alimgusa moyo, naye ni mke wa jaji. Huyo alilia. Kila walipoingia chumbani mwake alikuwa analia, tena kilio chenye sauti, cha mtu aliyefiwa, si kile cha kugusa kope kwa kitambaa. "Huyu muache," Mwamvua aliamuru. "Huyu ana utu. Mwanamke aliyemlilia mumewe hivi hana hatia." Sabra akamruka. Siku nyingi walimruka, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, maana pwani kilio ni ushahidi, lakini waliotunga gemu hawakuzaliwa pwani.

Wakamgeukia mpishi. Alikuwa mwanamke mnene, aproni nyeupe, mikono myekundu ya kuungua. Alisimama kando ya jiko lake na kujibu maswali ya mpelelezi bila kuinua uso, kama mtu aliyekwisha kujua kidole kitaelekea wapi. Mwamvua alimwangalia kwa muda.

"Muulize kuhusu sufuria."

Sufuria lilikuwa bado jikoni, na supu ndani. Wakalipima, kwa namna gemu ilivyoruhusu. Halikuwa na sumu.

"Unaona!" Mwamvua alipiga paja. "Sufuria zima, bakuli bovu. Chakula kikishatoka jikoni si cha mpishi tena! Nani alilibeba?"

Nesi ndiye aliyelibeba, lakini mpwa na wakili walikuwa naye ngazini mpaka mlangoni, na wote watatu, ingawa hawakupendana, walisema hakuna aliyegusa bakuli. Njia ikaziba. Kwa muda walizunguka tu vyumbani wakifungua makabati yaleyale. Uweso, akipita uani, alisikia kimya, akaanza kupiga mluzi.

Siku moja Sabra alirudia kusoma maneno ya daktari aliyepima maiti, kwa uchovu, kama asomavyo mwalimu madaftari ya mwisho. Marehemu mnene. Mguu una jongo. Moyo umepanuka. Ndani ya bakuli: supu ya nyama, yenye chumvi kali, na sumu.

"Rudia."

"Supu ya nyama, yenye chumvi kali..."

"Na yule mpishi alisema nini juu ya chumvi?"

Sabra akamfuata mpishi jikoni. Mpishi akasema tena lile alilokuwa amelisema siku ya kwanza, ambalo hakuna aliyelijali: daktari wa bwana amekataza chumvi, na tangu hapo jikoni kwake chumvi haiingii supu ya bwana.

Mwamvua akaanza kucheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Anaficha chumvi chumbani," alisema. "Mtu mzima mzima, jaji! Anaficha chumvi kama mtoto anayeficha sukari guru."

"Umejuaje?"

"Baba yako anaficha yake kwenye redio mbovu, pale pa betri."

Sabra aliacha kidude. "Mama! Na hukumwambia?"

"Nikimwambia ataihamisha, nitaanza kuitafuta upya. Nijuapo ilipo, napunguza nusu, naye anadhani ni mchwa. Tafuta hapo chumbani kwa jaji. Nyuma ya vitabu, mwanaume hana akili nyingi za kuficha."

Kilikuwa nyuma ya vitabu. Kichupa kidogo cha kijani, chumvi nusu, na ndani ya chumvi, sumu. Jaji alijinyunyizia mwenyewe.

Swali likabaki moja, nani alijua ilipo. Walizunguka wakiuliza. Mpwa akasema mjomba alimtii daktari. Wakili hakujua. Nesi aliapa kwamba chumvi haikupita mlango ule, naye lau angeijua angeitupa na kudai sifa. Akabaki mmoja, waliyekuwa wakimruka.

"Siyo yeye," alisema Mwamvua, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Wakaingia. Mjane alikuwa analia. Mpelelezi akamuuliza kama mumewe alikuwa na chumvi chumbani. Akajibu, kwa kwikwi, kwamba mume wake hakuigusa chumvi mwaka mzima. Na kile kichupa cha kijani alichokuwa nacho kilikuwa cha dawa.

Sabra alisimamisha gemu. "Hatukumwonyesha kichupa. Wala hatukumwambia kama ni kichupa."

Mwamvua alikuwa ameweka kiganja kinywani. "Mke haishi na mtu asijue anapoficha chumvi yake," alisema mwishowe. "Nilijua aliposema tu kwamba mumewe hakuigusa chumvi. Sikutaka tu." Kisha hasira ikamrudia, mpya, ya namna nyingine. "Na alivyolia! Nimemuonea huruma mshenzi yule wiki nzima!"

*

Uweso alikuwa mlangoni. Hakuna aliyejua alifika saa ngapi. Nyuma yake walisimama Mselem na Timotheo, kwa maana habari ilikuwa imefika barazani kwamba mambo yanakaribia, na baraza haikubali kusimuliwa.

"Mama Yasini," Uweso alisema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kwa mawakala wa meli waliokosa karatasi. "Nimewasikia. Lakini tazama. Bado hamjabonyeza. Mkimshtaki mpishi polisi watamchukua, muziki utapigwa, gemu itakwisha. Haitasema kitu. Tutajuaje kuwa si yeye?"

"Mimi nitajua."

"Wewe utajua kwa kudhani. Maalim alisema ajulikane. Mpaka akiri hajajulikana, na asipojulikana hakuna talaka." Akageuka. "Au siyo, Mselem?"

"Kwa hilo," Mselem alisema, akiangalia dari, "ana hoja."

Sabra alimshika mama yake mkono. "Mama, baba amesema kweli. Mpishi mwenyewe si mtu. Ni rangi tu kwenye kioo. Bonyeza mpishi tule tulale."

Wote wakamtazama. Kwenye kioo mpelelezi alisimama sebuleni, na wale watano mbele yake wamepangwa mstari, wanangoja kuchaguliwa. Mpishi alikuwa wa mwisho, mikono ndani ya aproni.

Lilikuwa jambo jepesi. Kidole kimoja, na kesho angeamka chumbani kwake, mke wa mtu. Msimu wa harusi ungeanza, wangemwita. Na alimtaka mume wake. Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwamba baada ya haya bado alimtaka, na miwani yake, na mluzi wake mbovu.

"Nimsingizie mpishi," alisema taratibu, "ili nipate kukaa na mwanaume aliyemsingizia mpishi?"

"Mwamvua..."

"Ngoja! Pangani palikuwa na watu mia na kitu. Wako waliojua ni sharubati. Waliojua walikuwapo, baba Yasini! Wakaona ni jambo jepesi, mpishi mwenyewe anatoka Tanga, anaondoka na kivuko cha mwisho, abebe tu, harusi isiharibike. Hakuna aliyenichukia. Wote walikuwa watu wema, kama ninyi hapa. Walitaka wale walale." Akamnyang'anya Sabra kile kidude. "Wapi nabonyeza?"

"Mama, ukibonyeza hapo umeachika."

"Nimeachika na aliyeniacha, si na kidole changu. Wapi?"

Sabra akamwonyesha. Mwamvua, ambaye maisha yake yote hakuwahi kugusa kidude kile, alimpita mpishi, akampita nesi, akampita wakili, akampita mpwa na biskuti zake, akasimama kwa mjane, akabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayejaribu ndizi.

Mjane aliacha kulia. Aliacha ghafla, kama bomba lililofungwa, akainua uso mkavu, akaanza kusema. Sabra alitafsiri kwa sauti ndogo: kwamba ndiyo, ni yeye; kwamba alijua kichupa kilipo tangu siku ya kwanza; kwamba miaka yote alikuwa akimwona anajinyunyizia na kumnyamazia; kwamba kumnyamazia kulikuwa rahisi, na kumtilia kukawa rahisi vivyo hivyo.

Muziki ulipigwa. Mpishi, nyuma ya wote, alitoa mikono kwenye aproni.

Uweso alikuwa ameshika mwimo wa mlango. Jambo la talaka lilikuwa bado halijamfikia, lilikuwa njiani. Kilichomfikia kwanza ni lingine.

"Mama Yasini," alisema, "hiyo habari ya kujua chumvi ilipo..."

"Pa betri," alisema Mwamvua. "Na mimi si mkeo, usiniite mama Yasini mbele za watu mpaka utengeneze mambo yako."

*

Mwamvua alikaa eda mlemle nyumbani, kama sheria inavyotaka, matumizi juu ya Uweso, naye aliyadai yote kwa ukamilifu wake bila kuona haya. Kupika hakupika. Sabra alijipikia na kumpikia mama yake. Uweso aliambiwa kwamba mtu aliyeapa kuwa sumu hutoka jikoni asiingizwe majaribuni.

Siku ya kwanza alijipikia bada, ule ugali wa muhogo, ikashika sufuria, mtaa mzima ukanusa. Siku ya pili alisimama mlango wa chumba cha Sabra, akaangalia nyuma kama kuna mtu, akanong'ona, "Mwamvua. Nimekurejea."

"Nani?"

"Wewe. Nimekurejea."

"Uliniacha mbele ya watu, sauti ikafika kwa fundi baiskeli. Leo wanirejea nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku? Maalim alisemaje?"

"Mashahidi," alisema Uweso.

"Basi. Walewale. Na lile lingine ulitie ndani."

"Lipi?"

Hakujibiwa.

Ilichukua baraza nzima ya kahawa kumfikisha kwenye jibu. Alasiri moja, ardhi imekauka, walikaa Mselem na Timotheo kwenye baraza ya saruji, na Mwamvua alisimama ndani ya mlango ulio wazi, buibui mwilini, mikono kifuani. Uweso alikohoa. Akasema amemrejea mkewe Mwamvua binti Suleimani, na nyie ni mashahidi.

"Nimeshuhudia," alisema Mselem.

"Mimi ni Mluteri," Timotheo alisema, "ila masikio ninayo."

Mlangoni hapakusogea mtu.

Uweso alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na mpishi hakuua," alisema.

"Mpishi yupi?" Mwamvua aliuliza.

Uweso aliangalia mtaa. Walikuwapo watu. Fundi baiskeli alikuwa ameacha kupiga pampu.

"Wa gemu," alisema, kisha, alipoona mlango bado umesimama vilevile, "na wa Pangani. Ilikuwa sharubati. Nilijua ni sharubati. Nilijua tangu siku ile."

"Sikusikia mwisho."

"Nilijua tangu siku ile!" alipiga kelele Uweso, na mtaa mzima, kutoka kwa fundi baiskeli mpaka kisimani, ukapata kilichokosa nauli miaka yote ile.

Mwamvua alitoka nje. Hakutabasamu, hakuwa tayari, na pengine mpaka leo hajawa. Alikusanya vikombe vya kahawa vya wageni, kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia.

"Haya, mashahidi mmeona," alisema. "Sheria ilimpa tatu. Moja kaitumia kwa jaji wa Ulaya. Zimebaki mbili, na kichwa chenyewe ndicho hiki."